Kurejea Kwake Imam Ghazali Mjini Kwao Tus

 

Jina la Imam Ghazali si geni katika misikiti yetu ya pwani. Aliyekaa darsani, hata kwa muda mchache, amepata kuisikia Ihya ikitajwa, na wengi wameisoma Bidaya mbele ya masheikh zao. Na kila anayesimulia maisha yake hupenda kusimulia namna alivyotoka Baghdad, akauacha utukufu wote ule, akavaa nguo za kimaskini, akashika njia. Khabari hiyo ni ya kweli, na ni tamu kuisikiliza. Lakini wasimulizi wengi wakisha kumtoa mlangoni mwa Baghdad huiruka miaka kumi na sita, wakaja kumzika. Mimi katika kurasa hizi nataka kuyaeleza zaidi yale waliyoyaruka: alirejeaje kwao, alikaaje baada ya kurejea, na mambo gani yalimkuta nyumbani. Kwani kutoka kwake kulikuwa kwa siku moja, na kukaa kwake kwao kulikuwa kwa miaka.

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad bin Muhammad, na kuniya yake ni Abu Hamid. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra (1058) katika nchi ya Tus, jimbo la Khurasan, ambalo leo sehemu yake imo katika dola ya Iran. Tus haikuwa mji mmoja, bali miji iliyokaribiana, na mmoja katika hiyo ni Tabaran, nako ndiko kwao. Baba yake alikuwa mtu maskini, akisokota sufu na kuiuza katika duka lake. Hakujaaliwa kuwa mwanachuoni, lakini alipenda sana kukaa katika majilisi za wanavyuoni na kuwatumikia, na akimwomba Mwenyezi Mungu ampe mtoto fakihi na mtoto mtoa mawaidha. Akajaaliwa yote mawili: Muhammad akawa fakihi, na nduguye Ahmad akawa mtoa waadhi mashuhuri. Wala yeye mwenyewe hakuwahi kuliona hilo, kwani alifariki watoto wangali wadogo. Aliwausia kwa rafiki yake mmoja, mtu wa tasawwuf, akamwachia na akiba yake chache, akamtaka awasomeshe kwayo hata itakapokwisha. Akiba ikaisha upesi. Yule rafiki naye hakuwa na kitu, akawaeleza wazi ya kuwa hana cha kuwalisha, akawashauri waende wakaingie madrasa, kwani huko mwanafunzi alikuwa akipata chakula chake. Wakaenda. Imam alipokuwa mtu mzima alikuwa akilikumbuka jambo hili, akieleza ya kuwa wao waliiendea elimu kwa ajili ya tumbo, nayo elimu ikakataa kuwa kwa jambo lolote ila kwa Mwenyezi Mungu. Sisi tunaosomesha tusimdharau mtoto anayeletwa chuoni kwa ajili ya sahani ya wali.

Safari yake ya kwanza ya kutafuta elimu ilikuwa ya kwenda Jurjan, pembeni mwa bahari ya Khazar. Huko alisoma, na kila alilolipata kwa mwalimu wake akaliandika. Alipokuwa akirejea kwao, wanyang'anyi waliuvamia msafara wakachukua kila kitu, na mkoba wake wa maandiko wakauchukua pamoja na vitu vingine. Yeye akawafuata nyuma. Mkubwa wao akamgeukia akamwonya arudi asije akauawa. Akamsihi amrudishie mkoba ule tu, kwani hauna thamani kwao, na ndani yake ndimo ilimo elimu aliyoisafiria. Yule mwizi akacheka, akamwuliza vipi anadai kuwa ana elimu, hali wao wamemnyang'anya mkoba akawa hana elimu tena? Kisha akaamrisha arudishiwe. Imam alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata ikawa lau angalivamiwa tena asingalipotewa na kitu. Hayo ndiyo marejeo yake ya kwanza, na msomaji ayaweke moyoni, kwani mtu huyu tangu ujana wake akirejea kwao huanza kwa kujihesabia amerudi na nini.

Kisha alikwenda Nishapur, akasoma kwa Imamul-Haramain Abul-Maali Juwayni, mkubwa wa wanavyuoni wa Kishafi'i wa zama zile, akadumu naye mpaka Juwayni alipofariki mwaka 478 (1085). Hapo ndipo alipokwenda kwenye kambi ya waziri mkubwa Nizamul-Mulk, akawashinda katika mabishano ya elimu wanavyuoni waliokuwako, na sifa yake ikaenea. Mwaka 484 (1091) waziri akampeleka Baghdad kusomesha katika madrasa ya Nizamiya. Umri wake ulikuwa haujafika miaka 35. Wanafunzi wapatao 300 walikuwa wakikaa mbele yake, na wakubwa wa dola wakimjia kwa heshima. Alipoingia Baghdad watu waliyathamini mavazi yake na mnyama aliyempanda, ikawa jumla yake ni dinari 500. Hesabu hii tutairudia mbele.

Ulimwengu ule haukukaa sawa kwa muda mrefu. Mwaka 485 (1092) Nizamul-Mulk aliuawa, na baada ya kitambo kidogo Sultani Malik Shah naye akafa, na watoto wake wakaanza kuupigania ufalme. Katika miaka hiyo Imam aliandika vitabu vya kuwarudi wanafalsafa na Mabatini, na huku akavisoma vitabu vya masufi. Akayafahamu yote yaliyomo, na akaona ya kuwa lililobaki halisomwi kitabuni. Akaitazama nia yake katika kusomesha, akaiona ni kutafuta cheo na sauti. Akataka kuondoka, asiweze. Asubuhi akaazimia, jioni azma ikavunjika. Hali hii ilianza mwezi wa Rajab mwaka 488 (Julai 1095), ikadumu karibu miezi sita, hata mwisho ulimi wake ukafungwa kabisa. Alikuwa akiketi mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno, wala chakula hakikumpita kooni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi haya yameingia kwa njia ya moyo, hayana dawa ila moyo wenyewe upumzike.

Basi akaazimia. Akatangaza ya kuwa anakwenda Makka kuhiji, na huku moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea Khalifa na rafiki zake wasije wakamzuia kukaa huko. Mali yake akaigawa, asibakishe ila kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Hili la chakula cha watoto wasimulizi wetu hulipita mbio, nami naona ndilo la kusimama. Mwenyewe alifanya hesabu ya kifakihi: mali ya Iraq ni wakfu kwa maslahi ya Waislamu, na hajaona mali duniani ambayo mwanachuoni aichukuaye kwa ajili ya watoto wake inamfaa zaidi kuliko hiyo. Mtu aliyekuwa akiukimbia ulimwengu wote hakuikimbia nafaka. Nafasi yake katika Nizamiya alimwachia nduguye Ahmad. Watu wa Iraq walishangaa sana, kwani hakuna aliyedhani ya kuwa pale alipokuwapo ni pahali pa kuondokwa. Wengine walidhani watawala wamemtisha, na waliokaribu nao wakajua si kweli, basi wakasema ni jicho baya lililowapata watu wa elimu.

Alitoka Baghdad katika Mfungo Pili, mwezi wa Dhul-Qa'da mwaka 488 (Novemba 1095). Akafika Dimishq, akawa akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya na kujifungia mlango mchana kutwa. Inasimuliwa ya kuwa siku moja aliingia madrasa mojawapo akamkuta mwalimu akisomesha maneno ya Ghazali, naye hajui ya kuwa Ghazali mwenyewe amesimama pale. Akaiogopea nafsi yake kujiona, akauhama mji. Kutoka hapo alikwenda Baitul-Muqaddas, akawa akiingia kila siku katika Kubba ya Jiwe na kujifungia. Kisha akaenda Al-Khalil kulizuru kaburi la Nabii Ibrahim, amani ya Mwenyezi Mungu imshukie, na hapo, katika mwaka 489, akaweka ahadi tatu na Mola wake: asichukue mali ya sultani yoyote, asiende kumsalimu sultani yoyote, na asibishane na mtu kwa ajili ya kushindana. Kisha akaenda Hijazi, akahiji mwishoni mwa mwaka ule (1096), akaizuru Madina. Basi tangu kutoka Baghdad mpaka kusimama Arafa ni mwaka mmoja na siku chache, na njia yote ni ya nchi kavu, kwa miguu na kwa wanyama.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwani katika vitabu imeandikwa ya kuwa alikaa Sham miaka kumi. Hili si sahihi. Abu Bakr Ibnul-Arabi wa Ishbilia, kadhi mashuhuri wa Kimaliki, alikutana naye Baghdad katika Jumada ya Pili mwaka 490 (1097), akasoma kwake. Na lau angalikuwa amekaa Sham miaka kumi, angalikuwako mwezi wa Shaabani mwaka 492 (Julai 1099), siku Mafaranja walipoitwaa Baitul-Muqaddas na kuwachinja watu wake. Siku hiyo yeye alikuwa amekwisha ondoka Sham zamani. Miaka kumi, au kumi na moja kwa hesabu yake mwenyewe, ni miaka ya kujitenga kwake yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na sehemu yake kubwa aliikaa kwao, nyumbani kwake. Anayedhani ya kuwa uchamungu wa Imam ulikuwa mnarani Dimishq, ajue ya kuwa mnara ulikuwa wa miezi, na nyumba ilikuwa ya miaka.

Katika kurejea alipita Baghdad, akashukia katika ribati ya Abu Saad, iliyokuwa ikielekeana na madrasa ya Nizamiya. Ukitoka mlangoni unauona mlango ule alioingia zamani kwa heshima na wanafunzi nyuma yake. Watu wakayathamini mavazi yake mara ya pili, wakaona thamani yake ni qirati 15, yaani haitimii dinari moja. Alikaa hapo kwa muda akiisomesha Ihya. Hakurudi kwenye kiti chake, wala hakuna khabari ya kuwa alikitaka. Kisha akaishika njia kuu ya Khurasan, ile ipitayo Hamadan na Rayy na Nishapur, kuelekea Tus.

Kwa nini alirejea? Alikuwa ameazimia kwa moyo wote asirudi, na mwenyewe ameandika ya kuwa alikuwa ni mtu aliye mbali kabisa na kurejea. Alipokuwa Hijazi vilimvuta vitu viwili: hima ya moyo wake, na wito wa watoto wakimtaka arejee watani. Mwenye kuusikia wito huu ni mtu aliyelia katika Kubba ya Jiwe na aliyesimama mbele ya kaburi la Mtume, rehema na amani zimshukie. Na sauti za watoto zikamfika huko huko zikamgeuza. Sisi watu wa pwani jambo hili hatuhitaji kufasiriwa. Zama za majahazi na za misafara ya bara, kila mtaa ulikuwa na nyumba iliyokuwa ikingoja, na wako waliotoka kwa kaskazi wakarejea kwa kusi, na wako walioona raha ya ugeni wakatafuta kila siku udhuru mpya wa kutorejea. Imam alikuwa na udhuru ambao hakuna mtu angaliukataa, kwani alikuwa jirani wa Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Asiutumie.

Na katika Ihya ameweka kitabu kizima cha adabu za safari. Humo ametaja ya kuwa msafiri, kabla ya kutoka, kwanza arudishe alivyodhulumu, alipe madeni yake, arudishe amana za watu, na aandae nafaka ya wale walio juu yake. Na akirejea, apeleke mbele mtu wa kuwapa watu wake khabari, asiwaingilie ghafla wala usiku. Aanze msikitini kwa rakaa mbili, kisha ndiyo aingie kwake. Tena awachukulie watu wa nyumba na jamaa zake zawadi, chakula au chochote awezacho, na imepokewa ya kuwa asipopata kitu basi hata jiwe na atie katika mkoba wake. Wanavyuoni wa hadithi hawaitegemei riwaya hii ya jiwe, lakini maana yake kila mwenye watoto anaijua, kwani macho ya watoto msafiri anaporudi hutazama mkoba kabla ya uso.

Basi akafika kwao, akakaa. Na hapa ndipo penye uzito wa khabari hii. Alitaka nyumbani pawe kama mnarani. Alichagua kujitenga, kwa pupa ya kuwa peke yake na kuusafisha moyo kwa dhikiri. Lakini mwenyewe amekiri, katika kitabu chake Al-Munqidh, ya kuwa mambo yanayozuka kila siku, na shughuli za watoto, na dharura za kutafuta maisha, zilikuwa zikimgeuzia kusudi lake na kumchafulia safuwa ya faragha yake, na hali ya utulivu haikuwa ikimjia ila kwa nyakati za mbali mbali. Pamoja na hayo hakukata tamaa nayo. Vizuizi vikimtoa, yeye hurudi tena. Hivyo ndivyo alivyokaa kwa miaka ile karibu kumi.

Nani anayaandika haya juu ya nafsi yake? Mwalimu aliyekwisha andika juu ya kuhuishwa kwa elimu za dini anaeleza kwa kalamu yake ya kuwa bei ya unga na homa ya mtoto humkatiza katika dhikiri kama zinavyotukatiza sisi. Naona katika vitabu vyake vyote hakuna pahali palipo karibu zaidi na mtu wa kawaida kuliko hapo. Dimishq hakuwa na la kumkatiza, kwani hakuwa na mtu. Tus alikuwa na watu, basi ikambidi aupate moyo wake katikati ya watu. Na aliyefungua mlango akasikia jirani anaita, akaenda akarudi kwenye msala wake, huyo ana kazi ngumu kuliko aliyefunga mlango asisikie mtu.

Wala si shughuli tu. Kulikuwa na watu wa nchi yake waliokuwa wakimjua tangu zamani, na mtu humdanganya mgeni, hamdanganyi mtu wa kwao. Abdul-Ghafir Al-Farisi, khatibu wa Nishapur, alikuwa akimjua Abu Hamid wa zamani: mkali wa ulimi, mwenye kuwatazama watu kwa jicho la chini, aliyeghurika kwa akili na ufasaha na cheo alivyoruzukiwa. Aliposikia ya kuwa amerejea mtu mnyenyekevu hakusadiki. Akadhani ni vazi la kujivika, akawa akimzuru mara nyingi akimchungua. Na baada ya kumchungua sana akakiri ya kuwa dhana yake ilikuwa mbaya, na ya kuwa mtu amebadilika kweli, kama aliyepona wazimu. Ushahidi huu mimi nauthamini kuliko masimulizi mengi ya karama, kwani umetoka kwa mtu aliyekwenda kutafuta aibu asiipate. Na haukupatikana kwa siku moja. Aliyerejea alikubali kutazamwa kwa jicho la shaka, akanyamaza, akaacha siku ziseme.

Katika miaka hii ya kwao aliandika vingi. Kimoja katika hivyo ni Kimiya-yi Sa'adat, alichokiandika kwa Kiajemi. Vitabu vyake vikubwa vyote vilikuwa kwa Kiarabu, lugha ya wanavyuoni, na Ihya tayari ilikuwa imekwisha andikwa. Lakini watu wa sokoni kwao Tus hawakuwa wakiisoma, basi akayachukua mambo yale yale akawaandikia kwa lugha ya majumbani mwao. Wako mpaka leo wanaoona ya kuwa elimu ya dini ikiandikwa kwa lugha ya kienyeji imeshushwa cheo. Hao na wamwendee Imam kwanza wamlaumu yeye.

Mwaka 499 ulimwengu ukamgongea mlango. Fakhrul-Mulk, mtoto wa yule Nizamul-Mulk, alikuwa waziri wa Sanjar katika Khurasan, akamshikilia aende kusomesha katika Nizamiya ya Nishapur, na ikaja amri isiyo na njia ya kuikataa ila kwa kuingia katika uadui. Imam akawashauri watu wenye moyo na kashfu, wakaafikiana ya kuwa atoke. Karne ya tano ilikuwa inakaribia kwisha, na imepokewa katika hadithi ya kuwa Mwenyezi Mungu huwaletea umma huu, kila unapoanza mwaka wa mia, mtu wa kuwahuishia dini yao. Akatoka katika Dhul-Qa'da (Julai 1106), mwezi ule ule aliotoka nao Baghdad miaka kumi na moja nyuma. Wako waliomlaumu. Yule Al-Farisi alimwuliza wazi namna gani amekubali kuondoka nyumbani kwake, naye akajibu ya kuwa haikumjuzia katika dini yake kukaa nyuma asiitike, hali wanafunzi wanahitaji kunufaishwa. Na mwenyewe alipambanua: zamani alikuwa akiisambaza elimu ya kuchumia cheo, na sasa anaita kwenye elimu ya kukiacha cheo. Hazikupita siku nyingi Fakhrul-Mulk naye akauawa, katika Muharram mwaka 500 (1106), kama alivyouawa baba yake.

Hakukaa Nishapur sana. Aliiacha kazi ile kabla ya kazi kumwacha yeye, akarudi nyumbani mara ya pili. Safari hii akajenga ubavuni mwa nyumba yake madrasa ya wanafunzi, na hankah, yaani pahali pa kukaa masufi. Saa zake akazigawa: za kukhitimisha Kurani, za kukaa na watu wa nyoyo, na za kusomesha, hata ikawa hana dakika inayopita bure. Na jambo la ajabu kwa mtu wa umri wake na sifa yake, akajiweka tena katika daraja ya mwanafunzi, akaketi kuzisoma hadithi na kuzisikiliza Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kwa mabingwa wa fani hiyo. Kwani katika elimu zote hiyo ndiyo aliyoishughulikia kidogo zaidi ujanani. Na alitunga pia Al-Mustasfa katika Usulul-Fiqhi, akaimaliza mwaka 503 (1109).

Mwaka 504 (1110) alifariki Al-Kiya Al-Harrasi, aliyekuwa akisomesha katika Nizamiya ya Baghdad, mwenzake Imam tangu siku za Juwayni. Ikaja barua ya waziri kumtaka Imam arudi kwenye kiti chake cha zamani. Kiti hicho hapakuwa na kikubwa kuliko hicho katika elimu. Jawabu yake imehifadhika, na mtu akiisoma anaona si jawabu ya mtu anayejifanya mtawa, bali ya mtu anayeijua nyumba yake. Alitaja ya kuwa Tus wako wanafunzi 150 wanaosoma kwake, na kuhama kwao kwenda Baghdad ni tabu, na kuwaacha si halali. Akataja zile ahadi tatu alizoziweka Al-Khalil, na ya kuwa Baghdad haiwezekani kukaa bila ya mabishano, wala bila ya kwenda kumsalimu Khalifa. Akataja ya kuwa siku alizoitwa Baghdad mara ya kwanza alikuwa peke yake, hana mke wala watoto, na leo anao. Kisha akataja jambo dogo kuliko yote, nalo kwangu ndilo lenye nguvu: yeye hachukui mali ya sultani, na Baghdad hana milki, na Tus analo konde lake dogo, ambalo kwa kubana sana na kukinai linamtosha yeye na watoto.

Miaka kumi na sita nyuma alipotoka Baghdad aliwahesabia watoto wake chakula katika mali ya wakfu wa Iraq. Sasa aliwahesabia katika mavuno ya konde lake. Watu walikuwa wakimletea mali asiipokee.

Mwaka uliofuata, katika siku za mwanzo za Jumada ya Pili, alikimaliza kitabu chake cha mwisho, Iljamul-Awam. Siku ya Jumatatu, tarehe 14 ya mwezi huo, mwaka 505 (Desemba 1111), nduguye Ahmad anasimulia ya kuwa Imam aliamka alfajiri akatawadha, akasali, akaitisha sanda yake. Akaichukua, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akaonyesha ya kuwa amesikia na ametii amri ya kuingia kwa Mfalme wake. Kisha akainyosha miguu yake, akaelekea kibla, akafariki kabla jua halijatoka. Umri wake ulikuwa miaka 55 kwa hesabu ya Hijra.

Akazikwa Tabaran, katika mji aliozaliwa. Mji wenyewe uliharibiwa na Watatari baada ya zaidi ya miaka mia, na leo ni magofu karibu na Mashhad. Mtoto mwanamume hakuacha. Waliobaki nyuma yake ni mabinti, na kiasi cha mali ya urithi na ya kuchuma iliyowatosha wao na watu wa nyumba. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.